Gitaa la Magomeni na fundi wake

Mimi napiga solo kwaya ya kanisani huku Tabata na sisi tunapigaga tumekaa. Sasa ukae masaa matatu na gitaa la kawaida, linateleza mapajani, kichwa kinashuka, mkono wa kushoto badala ya kutafuta nota unafanya kazi ya kubeba mzigo. Ndo nikaingiwa na tamaa ya haya magitaa ya kiuno cha mshazari, ofseti, ukoo wa Jazzmaster na Jaguar. Kampuni ya Fender walitoa Jazzmaster 1958 wakiwalenga wapiga jazi, watu wa kukaa kwenye kiti, wapiga jazi wengi wakaliacha hapohapo, wakalidaka vijana wa muziki wa sefu (surf) wa California. Shauri yao. Mimi nalitaka kwa ajili ya kiti.

Mpiga besi wetu akasikia kuna mzee Magomeni, enzi zake alikuwa bendi za dansi, ana mawili ya hivyo anauza, aliletewa na mwanae aliyeko nje. Tukapanda mwendokasi, tukashuka Mapipa, shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni, mama leta maji.

La kwanza lilikuwa muundo wa Jaguar, yale ya shingo fupi, uzi una inchi 24 tu toka kichwani mpaka darajani pale unapolalia kwenye bodi, na mimi vidole vyangu vifupi nikasema hili ndo langu kabisa. Nikapitisha kiganja pembeni ya shingo, aisee, ncha za freti, vile vyuma vya shingoni, hazijapigwa msasa, linakwaruza balaa, ukimaliza misa moja unahitaji bandeji. Halafu pale shingo inapoingia kwenye bodi kuna mwanya sarafu ya mia inaingia na inacheza. Nikaliweka chini taratibu mzee asijisikie vibaya.

La pili muundo wa Jazzmaster, uzi wa inchi 25 na nusu, jina la kampuni limekwanguliwa kichwani sijui nani alikuwa na hasira nalo. Lakini shingo imenyooka, freti laini, mashine za kukazia nyuzi hazirudi nyuma, nikalipakata likakaa palepale nilipoliweka. Mpiga besi akagusa daraja likayumba, akanikonyeza, bovu hilo. Nikamwambia sio bovu, limeundwa liyumbe pamoja na nyuzi ukivuta ule mkono wa tremolo, tatizo hapa ni nyuzi, mzee kafunga nyembamba, namba tisa, na kwenye haya magitaa nyuzi zinapita juu ya daraja karibu bapa hazina mkandamizo, ukipiga kwa nguvu uzi unaruka nje ya kijifereji chake. Unafunga nene kidogo, namba kumi na moja, unachomeka kipande chembamba chini ya shingo ipate kuinama, unapandisha daraja, kwisha. Mzee akasikiliza akatikisa kichwa, akasema laki nne na nusu.

Nikachomeka kwenye ampu yake, sauti tamu, nzito ya kiroho. Mpiga besi akasema ngoja nami niangalie shingo, akalinyanyua hadi jichoni, akalichungulia, akaligeuza huku na huku, akanirudishia. Napiga, kimya. Nageuza volyumu, kimya. Mzee akasema umeme huo, tukatazama juu, feni inazunguka. Akasema basi waya, tukabadilisha waya. Tukawa tunaongeza sauti ya ampu, bado kidogo, bado kidogo, mpaka kitufe kikagota mwisho, kimya tu.

Mzee akaketi kinyonge. Akasema wanangu, kama limekufa limekufa, nipeni laki mbili na nusu mliondoe machoni pangu. Moyo wangu ukaanza kucheza sindimba, ila kabla sijafungua mdomo mpiga besi, Mungu anamwona, akasema hapana mzee, tuite fundi kwanza, hapo nje nimeona banda la fundi redio!

Fundi akaja na chuma chake cha kulehemu na uso wa daktari wa zamu. Hakulitazama gitaa hata kidogo. Akauliza imezimaje, akasema nilijua, akafungua kifuniko cha nyuma ya ampu, akaanza kukwangua vumbi na bisibisi huku anaguna. Nikamuuliza fundi, unafanya hivyo na umeme umewaka? Akasema wewe piga muziki. Mimi nimelaza gitaa kwenye kochi, waya bado umechomekwa.

Mama akaingia na sinia la chai. Akaona gitaa lina vumbi mbele za wageni, akaona aibu, akachukua ncha ya kanga akafuta pale juu karibu na shingo.

NGUUUUUUUUU.

Sinia likaenda juu, chai ikashuka juu ya mpiga besi, mzee akapiga magoti kwenye zulia, kuku wa uani wakahama mtaa. Mimi nikaruka nikachomoa waya. Na nikaiona ile swichi. Jazzmaster zina kaswichi huko juu, ukikapandisha unahamia saketi ya pili, inabaki pikapu ya shingoni tu, ile inayonasa sauti ya nyuzi, na yenyewe ina volyumu yake, kagurudumu kadogo kamezama pembeni, na la mzee lilikuwa limezungushwa mpaka sifuri. Volyumu ya chini unaweza kuigeuza mpaka Pasaka haikusikii. Mpiga besi alikapandisha na dole gumba wakati anachungulia shingo, kanga ya mama ikakashusha.

Fundi alikuwa bado kashika bisibisi. Akafuta jasho akasema, "Tayari mzee. Elfu ishirini."

Nikasema hapana jamani, tusifanyiane hivyo. Nikapunguza sauti, nikachomeka, nikawaonyesha: juu, kimya. Chini, linalia. Juu, kimya. Mmeona? Fundi hakugusa kitu.

Fundi akanitazama kwa huruma. "Si ndo nilichotengeneza hicho kijana? Nimekuta linazima lenyewe. Sasa hivi linazima ukitaka wewe."

Mzee akalichukua, akapandisha swichi, akashusha, akapandisha tena, uso unang'aa. Akasema miaka yote hii sikujua lina kitu hiki. Laki tano.

Nililia, niliomba, nikamtaja Mungu wa kwaya, tukaja kukubaliana laki nne na sabini, na elfu ishirini ya fundi nikatoa mimi maana mzee alisema mteja ndo anafaidi matengenezo. Fundi akaandika namba yake kwenye pakiti ya sigara, garantii mwezi mmoja.

Kwenye mwendokasi nimekumbatia gitaa siongei na mtu. Mpiga besi ananukia tangawizi, kakaa kimya mpaka tunakaribia Ubungo, ndo akageuka. "Ila yule fundi ana mkono aisee. Besi yangu inakoroma siku nyingi, Jumamosi nampelekea."