Mama mdogo na swali la nne

Swali la nne kwenye hendauti lilisema hivi: mama lishe ana unga wa ngano kilo 12 na mafuta ya kupikia lita 2. Chapati moja inakula unga gramu 80 na mafuta mililita 10. Andazi moja linakula unga gramu 40 na mafuta mililita 10. Faida ya chapati moja ni shilingi 200, ya andazi ni shilingi 80. Apike chapati ngapi na maandazi mangapi ili apate faida kubwa kuliko zote?

Kwa sisi tunaosoma biashara hilo ni swali la kupashia misuli tu, kabla hujakutana na yale ya kiwanda cha meza na viti. Ila mimi nililisoma kwa sauti. Usiku. Uani kwa mama mdogo, Tandika, naye ameketi kwenye kigoda anakanda unga wa kesho. Mama mdogo anauza chai, chapati na maandazi jirani na stendi ya daladala, na kodi ya chumba ninacholala hutoka kwenye beseni lile lile alilokuwa anakandia.

"Huyo mama wa kwenye swali," akaniuliza bila kuinua kichwa, "hana hamira?"

"Hawajasema."

"Iliki?"

"Hawajasema, mama mdogo."

"Sasa hayo maandazi yataumuka kwa dua?"

Nikamwambia hii inaitwa linia programingi, na kwenye linia programingi unachukua ulichopewa tu. Chapati unaziita x, maandazi unayaita y. Unga, ukigawa gramu zote kwa 40, unakuambia kwamba 2x + y isizidi 300. Mafuta, ukigawa mililita zote kwa 10, yanakuambia kwamba x + y isizidi 200. Halafu unaandika kwamba x na y zisiwe hasi.

"Kuna mtu anapika chapati pungufu ya sifuri?"

"Hakuna. Lakini usipoandika unakatwa maksi."

Akaguna, akaendelea kukanda. Mimi nikachora grafu kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umeondoka. Uzuri wa hesabu hizi ni kwamba jibu halikai katikati ya eneo lililozungukwa na mistari yako, linakaa kwenye kona, kwa hiyo kazi yako ni kuzipitia kona moja moja. Kona ya kwanza, chapati 150 bila andazi: faida 30,000. Ya pili, chapati 100 na maandazi 100: 28,000. Ya tatu, maandazi 200 matupu: 16,000. Nikapiga mstari chini ya jibu na kulisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari: chapati 150, maandazi sifuri.

Mikono ya mama mdogo ikasimama ndani ya beseni.

"Rudia hiyo ya mia kwa mia."

"Elfu 28."

"Mimi ndivyo ninavyopika. Mia kwa mia. Na unga ni hizo hizo kilo 12." Akanyamaza, akipiga hesabu kwa midomo. "Kwa hiyo kila siku natupa elfu mbili barabarani?"

"Mama mdogo, hili ni swali la testi tu."

"Jibu ni sahihi au si sahihi?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Jibu lilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi. Mleteni mtu yeyote na rula.

"Ni sahihi."

"Elfu mbili mara siku 26 ni elfu 52," akasema. "Kodi ya kibanda hiyo." Akamwita mdogo wangu aliyekuwa anaroweka sukari na hamira ya maandazi, akamwambia amwage.

Busara ilinitaka nifunge daftari niende kulala. Lakini swali la tano lilikuwa la takwimu, na kwa bahati mbaya lilikuwa la chai. Wateja sita wanaweka sukari vijiko 0, 0, 1, 5, 6 na 6. Tafuta wastani, mediani, modi na mkengeuko sanifu. Jumla 18, gawanya kwa 6, wastani 3. Mediani unachukua wawili wa katikati, 1 na 5, unapata 3 tena. Nilifurahi, kwa sababu vitu viwili vikikubaliana unajua umepatia.

Mama mdogo ana ugomvi wa siku nyingi na kopo la sukari. Anasema kuna madereva wa bodaboda wanakunywa sukari yenye chai. Aliposikia wastani ni vijiko 3 akatikisa kichwa polepole, akasema kuanzia kesho kopo halipandi mezani. Chai itatiwa sukari jikoni, vijiko 3 kwa kila kikombe, imefungwa. Nilikuwa bado sijafika kwenye mkengeuko sanifu, ile namba inayoonyesha watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Unatoka 2.7, na kwa wastani wa 3 hicho ni kilio kabisa: watu wametawanyika mno, na kwenye ile orodha hakuna hata mtu mmoja anayekaribia vijiko 3. Nilimwambia. Akasema tayari ameshasikia jibu, hayo mengine ni ya walimu.

Saa 9 usiku tukaamka. Karai la maandazi lilikuwa limefunikwa kifudifudi juu ya ndoo, na mdogo wangu alilitazama kwa huruma alipopita. Chapati ya mia ilitoka saa 12 na dakika zake, kama kila siku. Hamsini za nyongeza zikaangukia muda ule ule wa wateja kumiminika, kwa hiyo mama mdogo alikuwa na kifimbo cha kusukumia mkono wa kulia na chenji mkono wa kushoto, na wapo watu waliopewa chenji yenye unga.

Wa kwanza kufika walikuwa watoto wa shule ya msingi. Hawa huja na sarafu ya mia mbili mkononi, ndiyo bei ya andazi. Chapati ni mia tano.

"Shikamoo. Andazi."

"Marahaba. Leo hakuna andazi mwanangu, kuna chapati."

Mtoto akatazama sarafu yake, akatazama chapati.

"Naomba ya mia mbili."

Nyuma yake kulikuwa na foleni nzima, kila mmoja na mia mbili yake. Mama mdogo akanigeukia. Chapati ya mia mbili ni sehemu mbili za tano. Nikamweleza kwamba hilo si gumu, duara lina nyuzi 360, kwa hiyo anakata nyuzi 144, anakata tena 144, kinabaki kipande cha nyuzi 72 ambacho ni cha shilingi mia. Mdogo wangu akashika kisu na kukata kwa macho. Kilichofuata ni kesi. Watoto wale, ambao nina hakika darasani wanakwepa sehemu, walipima vipande vyao kwa kuvipandanisha kimoja juu ya kingine, wakataka fidia. Na vile vya shilingi mia vikajikusanya pembeni, havina mwenyewe, mpaka akatokea mbuzi.

Saa moja wakaja makonda. Konda hana muda wa mazungumzo; anataka chai na maandazi mawili anywe gari likijaza. Kuambiwa kuna chapati tu wengine wakavuka barabara pale pale. Waliobaki wakachukua chapati, wakatoa mia mbili, mia tatu "kesho mama, Mungu akipenda." Chapati 11 ziliondoka kwa mtindo huo. Nikakumbuka swali la mama mdogo kuhusu chapati hasi, nikaona kumbe zipo, na zinapanda daladala.

Na chai je? Fundi cherehani wa jirani, mzee anayeishi na kisukari na kunywa chai kavu miaka yote ninayomfahamu, akapiga funda moja, akalitema nje ya kibanda kwa heshima zote.

"Mama, leo kuna nini?"

"Ni wastani, mzee wangu."

"Wastani ndiye nani?"

Akaangalia huku na huku, kana kwamba ataonyeshwa mtu.

"Basi mpe yeye anywe," akasema, akasogeza kikombe.

Kwenye benchi la pili dereva wa bodaboda naye alikuwa anakoroga chai yake kwa kijiko kwa dakika nzima, akitafuta sukari iliyolala chini. Hakuipata. Akauliza kwa sauti ya kibanda kizima kama kuna msiba, maana chai nyepesi namna ile aliinywa mara ya mwisho matangani. Mzee analalamika ni tamu, huyu analalamika ni chungu, na chai imetoka chupa moja. Mwanafunzi wa takwimu angelipa kiingilio kuona kitu kile. Mimi nilikuwa naosha vikombe na sikuinua uso.

Ng'ambo ya barabara kuna mama mwingine anayeuza maandazi. Siku zote huwa na foleni ya watu wawili watatu. Asubuhi ile foleni yake ilifika kwenye nguzo ya umeme. Hata mwanafunzi anayetumwa na walimu na ndoo ya maandazi ya chai ya saa nne alisimama kwetu, akasikia habari, akavuka na ndoo yake. Mama mdogo alikuwa anaona yote hayo, anasukuma chapati kwa nguvu isiyohitajika.

Saa 2 kasoro yule mama akavuka yeye mwenyewe. Tukajua anakuja kucheka. Hakucheka. Alisalimia vizuri, akauliza za nyumbani, kisha akasema karai lake limezidiwa, na kwa kuwa ameona letu leo limepumzika, anaomba kuliazima.

Jirani akikuomba chombo ambacho kimekaa mbele ya macho yake, utamwambia nini? Mama mdogo akalitoa mwenyewe juu ya ndoo. Akalifuta kabisa. Tukakaa na chapati zetu tukitazama karai letu likiumua maandazi ng'ambo ya barabara.

Hesabu ya mwisho wa siku: chapati 150, zilizouzwa kwa fedha taslimu 70, za mkopo 11, zilizobaki 69. Faida ya zilizouzwa 14,000. Kila chapati iliyobaki ilikuwa imekula shilingi 300 za unga, mafuta na mkaa, jumla 20,700. Hasara 6,700, bila kuwagusa makonda. Karai lilirudi jioni, limeoshwa likang'aa, ndani yake kuna maandazi sita ya shukrani. Mama mdogo alikataa kuyaangalia.

Usiku nikajaribu kumfariji na habari za George Dantzig, Mmarekani aliyebuni mwaka 1947 njia ya simpleksi, ambayo kompyuta huifuata kutoka kona hadi kona mpaka ilipate jibu. Huyo bwana miaka ya 1950 daktari alimwambia apunguze uzito. Akaona asihangaike, akaiachia kompyuta impangie vyakula vya kumshibisha bila kumnenepesha. Kompyuta ikamjibu anywe siki galoni 500 kwa siku, yaani karibu lita 1,900. Akaifuta siki kwenye orodha. Ikamwambia basi ale vidonge vya supu 200 kila siku. Alipojaribu vichache tu kwenye kikombe cha maji ya moto, akavitema kwa chumvi. Akaweka kikomo, vidonge visizidi 3, ikamhamishia kwenye pumba za ngano, karibu kilo nzima.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja chapati moja baridi.

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Mwishowe mke ndiye aliyempangia chakula."

"Akapungua?"

"Akapungua."

"Lete hiyo karatasi yako."

Nikaleta. Akaniambia niandike kwamba chapati zisizidi 100, kwa sababu mkono wake unasukuma mia tu kabla watu hawajafika, na mkono nao ni kitu kama unga na mafuta, hauongezeki kwa kuandikwa. Kwa nini hendauti haikuuliza habari za mkono? Sikuwa na jibu. Nikachora mstari mpya kwenye grafu, x isizidi 100. Ile kona ya chapati 150 ikakatwa ikabaki nje. Nikapitia kona zilizobaki. Kubwa kuliko zote: chapati 100, maandazi 100, faida 28,000.

Nilimwonyesha. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye ndoo, akapindua karai, akamwambia mdogo wangu aroweke hamira.

Kesho yake ndiyo ilikuwa testi. Chapati zilizobaki tulikuwa tumekula na maharage usiku, tukagawa kwa majirani, na bado zipo. Asubuhi natoka, mama mdogo akanipa furushi limefungwa kwenye kitambaa safi. "Mpelekee mwenye swali," akasema. "Mwambie zimetoka la nne."

Mhadhiri nilimkuta ofisini kwake saa 4, baada ya testi, kikombe cha chai kinafuka mezani. Nilimpa salamu za nyumbani na furushi; asili yake sikuieleza kwa undani. Akafungua, akanusa, akala ya kwanza amesimama. Ya pili akakaa. Ya tatu akaichovya kwenye chai na kufumba macho, akasema mama yangu ana mkono, ana mkono kwelikweli. Kisha akapekua kitambaa, akainua chapati moja, akainua nyingine, akachungulia chini.

"Ila chai ya saa nne bila andazi?" akauliza. "Hakukuwekea hata moja?"

"Mwalimu," nikamwambia, "y ni sifuri."