Saruji ya mpangaji wa Mji Mkongwe

Nyumba ikianguka Mji Mkongwe wa Zanzibar, hukumu hutoka kabla kifusi hakijazolewa: wakaazi hawajui thamani ya walichonacho, wanapiga saruji, wanatoboa kuta kupitisha mabomba.

Kuhusu saruji, wanaolaumu wana haki. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanabaki ndani. Kuna nyumba mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, niliyoingia, nje ukuta laini unavutia, ndani umevimba kama andazi. Nilibonyeza kwa kidole, ukamwagika mchanga. Ncha ya boriti iliyozama ukutani ilimeguka kama biskuti, na boriti ndiyo iliyobeba dari. Hata upana wa vyumba vile hufuata urefu wa boriti ya mkoko, mita tatu hivi. Kwa hiyo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, haidai chokaa kwa mapenzi ya ukale tu.

Tatizo ni nani anayedaiwa. Nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu. Utakuta familia kadhaa zinaishi alimoishi tajiri mmoja na watu wake. Paa si lao, ngazi si zao, na kodi wanayolipa haitoshi kununua hata boriti. Masika yakipiga, mwenye nyumba ni ofisi, anayelowa ni mpangaji. Chokaa inataka kuzimwa kwa maji, iachwe ikomae kwa wiki kadhaa, kisha ipakwe tabaka kwa tabaka na fundi anayeijua, na mafundi hao ni wachache. Saruji iko duka la mtaani. Watoto wamelala chini ya dari inayovuja. Nani atangoja chokaa ikomae, achilia mbali kibali?

Halafu tutazame Beit al-Ajaib, jumba kubwa la sherehe pale ufukweni. Sultani Seyyid Barghash alilijenga 1883, na likaja kuwa makumbusho. Hakuna mpangaji aliyepikia mle wala kutoboa ukuta apitishe bomba la choo. Mwenyewe ni serikali, na watalii walilipiga picha kila siku. Sehemu ya roshani ilidondoka 2012. Miaka minane baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya upande wa mbele ikaporomoka likiwa kwenye matengenezo, mafundi wawili wakafa. Kama jengo lile halikunusurika, mama wa mtaa wa Kiponda na ndoo yake ya saruji anasutwa kwa lipi?

Wenye hoteli nao husema fedha zao zimeokoa magofu, na ni kweli. Wao wana uwezo wa kungoja chokaa. (Ingawa hoteli iliyojengwa kwenye jengo la kale la Mambo Msiige ilipanuka ufukweni hadi UNESCO ikalalamika.) Lakini mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 ulisifiwa kama mji unaoishi watu, na mgeni wa siku tatu hajui jirani yake ni nani.

Sheria ya chokaa ibaki. Ila kabla ya kumwandikia mpangaji barua ya onyo, pawepo shimo la chokaa iliyokwisha komaa, iuzwe kwa ndoo kwa bei isiyozidi ya saruji, na fundi wa kuitwa paa linapovuja. Shimo lijazwe Januari, maana masika huanza Machi.