Kebo ya pili kwenye seva haijakaa bure

Mafundi wenzangu wa hapa Dodoma tukikutana hili halikosi, seva ya Linux ina poti mbili za mtandao, unaziunganishaje? Linux ina njia kadhaa za kuzifunga pamoja (bonding), kila moja inaitwa modi na namba yake. Wengi wanataka LACP, yaani modi 4, kebo zote mbili zinapiga kazi pamoja. Mimi nipo na wachache wa modi 1, kebo moja inafanya kazi na ya pili inasubiri ya kwanza ife. Na kila siku tunaambiwa umelipia kebo mbili unatumia moja, hasara tupu.

LACP ina sehemu yake na siikatai. Seva ya bekapu inayopokea kompyuta hamsini kwa mpigo itaionja kweli ile gigabiti ya pili (kila kebo inabeba gigabiti moja kwa sekunde), na kwa kuwa seva na swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, zinapeana taarifa, kebo iliyochomekwa pasipo pake inaweza kujulikana mapema.

Ila hiyo "gigabiti mbili" watu wanaielewa vibaya sana. LACP haichukui faili moja ikaipasua kwenye kebo mbili, kila muunganisho unapigiwa hesabu, unapewa kebo moja, unabaki hapo hapo, kwa hiyo ukikopi faili moja kubwa spidi ni ile ile ya gigabiti moja, kama megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Halafu Linux usipoigusa inapiga hesabu hiyo kwa anwani za MAC, yaani namba ya kila kadi ya mtandao, sasa kama wateja wako wote wapo nje ya ruta, MAC inayoonwa na seva ni moja tu, ya ruta, basi majibu yote yanatokea kebo moja na nyingine imelala. Yaani umeweka LACP na bado unatumia kebo moja! Mpaka ubadilishe xmit_hash_policy, mpangilio unaoamua hesabu ipigwe kwa nini, na wangapi wanaibadilisha?

Na huku kwetu kinachokufa ni nini? Mimi kebo iliyokufa yenyewe sijaikuta mara nyingi, nakuta swichi. Vumbi la kiangazi, umeme unakatika unarudi kwa nguvu, adapta inaungua. Kuna ofisi moja Area C, hapa hapa Dodoma, walikuwa na LACP safi kabisa, kebo zote mbili kwenye swichi moja, swichi ikafa saa nne asubuhi na foleni ya wateja mlangoni. Kuipeleka LACP kwenye swichi mbili lazima swichi zenyewe zijue kujifanya moja, na za hivyo bei yake si ya ofisi ndogo. Modi 1 inataka swichi mbili za kawaida tu, hata za kampuni tofauti, na kwenye swichi huseti chochote.

Tena modi 1 inakubali mpangilio wa arp_ip_target, seva inakuwa inaiuliza ruta kama ipo, kwa hiyo swichi ikiwa taa zinawaka ila imekatika huko mbele, inahamia kebo ya pili. LACP haikubali ukaguzi huo.

Udhaifu wake naukubali, kebo inayosubiri inaweza kuwa imekufa mwezi mzima hakuna anayejua. Ndiyo maana pale Area C tulipofunga swichi ya pili, kwenye UPS (betri ya akiba) yake, kila Ijumaa jioni mtu anafungua /proc/net/bonding/bond0, faili la Linux linaloonyesha hali ya kebo, anahakikisha zote zinasoma up, yaani zipo hewani, anachomoa kebo inayofanya kazi, anasubiri ya pili ishike, anairudisha.