Dakika mbili hazitoshi jicho kuzoea giza

Kuna makala inayosema jicho huzoea giza "ndani ya dakika moja au mbili", na inalinganisha hali hiyo na pua inavyozoea harufu. Kinachokamilika upesi hivyo ni kutanuka kwa mboni tu, na mchango wake ni mdogo. Kazi kubwa iko nyuma, kwenye retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Seli za koni, takriban milioni 6, ambazo hutuonyesha rangi, hufika kikomo chake gizani baada ya dakika 10 hivi. Seli za fimbo, zaidi ya milioni 90, ambazo hutuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, huhitaji dakika 20 hadi 30, pengine zaidi, kwa kuwa rodopsini, kemikali ya fimbo inayohisi mwanga, iliyovunjwa na mwanga huo lazima iundwe upya, na malighafi yake ni vitamini A. Ndiyo maana anayepungukiwa vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri magharibi inapoingia.

Ukitafuta nyota hafifu, usiikazie macho. Tazama kando yake kidogo. Katikati kabisa ya retina hakuna fimbo hata moja. Na ukilazimika kuwasha simu, fumba jicho moja, maana kila jicho huzoea giza kivyake. Mwanga mwekundu hafifu hauleti madhara makubwa, fimbo huuhisi kwa shida.

Ule ulinganisho wa makala kati ya pua na jicho, kwa kweli, unapotosha. Jicho likizoea giza huona zaidi, lakini pua ikizoea hupoteza: harufu isiyobadilika hufifia ndani ya dakika chache. Ukisikia harufu ya gesi kisha ikatoweka, usidhani gesi imekwisha. Toka nje.