Kihamba Si Mahali pa Desemba

Nimeishi Hamburg muda wa kutosha kujua thamani ya maisha ya huku. Mshahara unaingia siku yake, na mtoto akiugua usiku sianzi kuwaza nitakopa kwa nani. Silalamiki. Lakini tangu wanangu waanze kupata akili, nimekuwa na msimamo usiowapendeza baadhi ya Wachaga wenzangu wa ughaibuni: familia iliyoshikamana, ambayo sote tunaihangaikia huku, misingi yake iko kwenye vihamba vya wazee wetu, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na ni vihamba hivyo hivyo tunavyovifunika kwa zege.

Wajerumani nao wana kiu ya udongo. Wana bustani ndogo za kukodi, Kleingarten, zimejipanga kandokando ya reli na mifereji. Sheria yao ya mwaka 1983 inataka bustani isizidi meta za mraba 400, na hairuhusu mtu kuifanya makazi. Tulisubiri sana hadi tukapata yetu. Jirani yetu pale ni mzee anayepalilia viazi vyake kwa upendo mtupu. Giza likiingia anafunga geti, anarudi ghorofani kwake, peke yake. Wanangu wanaipenda bustani yetu, ila wanajua kwamba nyanya zikikauka, jioni tutapita dukani. Hakuna kitu pale kinachowategemea.

Likizo ya Julai tulikwenda kwetu Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Bibi yao hakuwauliza wanapenda kucheza nini. Alimpa yule mkubwa panga dogo, akamwonyesha mgomba uliokwisha kukatwa ndizi, akamwambia ng'ombe hajala. Mtoto akalikatakata lile shina vipande vyembamba, utomvu ukamharibia fulana moja kwa moja, akabeba karai hadi bandani. Ng'ombe akala huku mtoto amesimama anamtazama. Kesho yake aliamka kabla yangu, akaenda mwenyewe kumwuliza bibi yake panga liko wapi.

Yaliyofuata alijifunza bila somo. Samadi ya ng'ombe yule inarudi kwenye migomba. Migomba inaitilia kahawa kivuli, juu yake kuna miti ya miringaringa, chini kuna maharage na magimbi, na yote hayo yamo katika eneo ambalo kwa familia nyingi halifiki ekari mbili. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu mwaka 2011, kule Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kahawa ya mteremko huu, iliyouzwa kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 1933, imesomesha vizazi, mimi nikiwamo. Siku moja mwanangu aliuliza kwa nini babu yake amezikwa karibu hivyo na nyumba. Mama yangu alimjibu kuwa babu yuko kwake. Kisha akamwonyesha isale, mmea unaopandwa mpakani, akamweleza kuwa ukimkosea ndugu yako, unamwendea na jani lile, naye ni vigumu kukukatalia. Huko Hamburg ningemfundishia wapi jambo hilo?

Najua uzito wa upande wa pili, na nitausema kwa sababu mara nyingi tunaoishi mbali tunaupamba ule mlima. Mama bado anapandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka mashamba ya chini, na goti lake limekwisha. Bei ya kahawa imewakatisha watu tamaa hadi wengine wameing'oa. Vihamba vimegawanywa hadi vingine havitoshi hata kwa mboga. Halafu kuna mila ya kuwarithisha wana wa kiume, wa kwanza na kitinda mimba mbele ya wote, na binti aende kwa mumewe. Hili linaniuma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na siwezi kuwafundisha binti zetu kuupenda udongo ambao tunawaambia si wao. Nililisema hilo mbele ya kaka zangu kwenye kikao cha familia, na nitalirudia.

Kikao hicho kiliitishwa kwa ajili ya ghorofa. Kaka zangu wanataka migomba ya upande wa juu iondoke ili ijengwe nyumba ya vyumba vingi ya kufikia Desemba. Nyumba za namna hiyo zimejaa Marangu nzima: Krismasi zinawaka taa, Januari zinafungwa, zinabaki na mlinzi. Watoto wanaofikia humo wanakula, wanapiga picha, wanaondoka bila kujua hata zizi liko upande gani.

Mchango wangu wa ujenzi nimeuzuia. Fedha hiyo itamlipa kijana wa kumletea mama majani mwaka mzima, itazibua mfongo wetu, yaani mfereji wa maji, uliojaa matope, na itanunua ng'ombe wa pili, ili likizo ijayo mdogo naye awe na wake wa kulisha. Mama ameshaniambia ni mtamba wa nani anayemtaka.