Stelingi Akishakufa, Sehemu ya Pili Inabebwa na Nani?

Kwenye vibanda umiza vya Manzese na Mbagala, vile vya kuonyeshea video hapa Dar, kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtoto anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha yeye atasimama na adui atalala. Muvi za kutisha za mkanda uliookotwa, yaani zile zinazojifanya ni video halisi iliyopatikana baada ya wenyewe kupotea au kufa, zinaivunja sheria hiyo kabla hata hadithi haijaanza. Mkanda umeokotwa kwa sababu mwenye kamera hakurudi. Unakaa saa nzima na nusu ukiwatazama watu wanataniana, wanagombana, wanatafuta njia, na wewe unajua tangu mwanzo kwamba mambo yao hayataisha vizuri.

Ndiyo maana kuuliza kama muendelezo wa muvi hizi unafikia kiwango cha ile ya kwanza ni kugumu kuliko kwenye aina nyingine. Picha ya mapigano ikiuza, stelingi anarudi na bunduki kubwa zaidi. Hapa stelingi ameshakufa, na siri iliyomtisha mtazamaji imeshatoka. Wengi ninaobishana nao mjini hapa wana jibu moja: sehemu ya pili ni biashara, usimalize bando lako. Naona wamepatia nusu, na nusu iliyobaki naitetea.

Ushahidi wao mkubwa ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Waongozaji Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwaingiza waigizaji watatu kwenye msitu wa Maryland, Marekani, wakawakabidhi kamera wajirekodi wenyewe kwa siku nane hivi. Maelekezo waliachiwa njiani, na chakula kilipunguzwa kadiri siku zilivyosonga ili uchovu na hasira viwe vya kweli. Waigizaji walitumia majina yao halisi. Tovuti ya picha ilieleza kwamba vijana hao wamepotea, matangazo ya kuwatafuta yakabandikwa, na kwa kuwa intaneti ilikuwa bado changa, watu wengi waliamini. Kazi iliyorekodiwa kwa makumi ya maelfu tu ya dola iliingiza karibu dola milioni 248 duniani. Na katika muda wote huo mchawi wa Blair, yule wanayemfuatilia msituni, haonekani hata mara moja.

Kwetu hofu ya namna hiyo haihitaji maelezo mengi. Mwaka 1995 jini aitwaye popobawa aliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi, na hakuna aliyekuwa na picha yake. Habari ilitosha. Picha ingeonyeshwa, nusu ya watu wangerudi ndani kulala.

Mwaka mmoja tu baadaye, mwaka 2000, sehemu ya pili ikatoka chini ya Joe Berlinger, mtu wa filamu za matukio ya kweli. Wahusika wake ni watu walioitazama ile ya kwanza wakaenda kuutafuta msitu wake. Wazo lina akili, kwa sababu halijaribu kudanganya watu walewale mara mbili. Tatizo ni kwamba kamera ya mkononi ilitupwa, ikabaki muvi ya kutisha kama nyingine. Ilitumia dola milioni 15 na ikapata takriban milioni 47.

Adam Wingard alirudi msituni mwaka 2016 kwa njia iliyo kinyume kabisa: alishika mtindo uleule, akauongezea sauti. Mdogo wake Heather, mmoja wa wale watatu waliopotea katika ya kwanza, anakwenda kumtafuta dadake, safari hii na kamera za kuvaa sikioni na droni. Mbwembwe za teknolojia ni nzuri, lakini kila kitu kinapigwa kelele, miti inaanguka, na kuna kiumbe kinachoonekana. Nilipofika kwenye nyumba ya mwisho nilikuwa sina hofu tena, nilikuwa nangoja tu imalizike. Hapo wapinzani wa muendelezo wako sahihi kabisa. Huyu mmoja ameuacha mtindo, yule ameurudia kwa nguvu zaidi, na wote wawili wameanguka.

Lakini wapinzani hao wakifika kwa Wahispania, hoja yao inaanza kuyumba. REC ya mwaka 2007, ya Jaume Balagueró na Paco Plaza, inamfuata mtangazaji wa televisheni na mpiga picha wake wakiandamana na wazimamoto hadi jengo moja la Barcelona. Jengo linafungwa na serikali wao wakiwa ndani, na maambukizi yanapanda ngazi. Waongozaji walewale walipotengeneza ya pili mwaka 2009, hawakuruka miaka, wala hawakuhama jengo. Walianza usiku uleule, muda mfupi baada ya ya kwanza kuishia, wakaingia na kikosi cha polisi wenye kamera kwenye kofia zao.

Ona kilichobadilika. Kwenye ya kwanza kamera ni moja, na ikigeuka kulia wewe hujui kinachotokea kushoto. Kwenye ya pili kila askari ana jicho lake, na kiongozi anaweza kuomba aone anachokiona mwenzake aliyetangulia chumba cha mbele. Hofu inatoka kwenye kuona kwa macho ya mtu usiyeweza kumfikia kwa wakati. Halafu katikati picha inakatika na tunaanza upya na kamera ya vijana waliopenya humo ndani kwa ujinga wao. Waliokua na Bongo Movie za diski mbili, hadithi moja iliyokatwa katikati ili inunuliwe mara mbili, wataitambua haraka sehemu ya pili ya namna hii. Tofauti ni kwamba hapa kukatwa huko kuna faida kwa hadithi yenyewe. Kiwango? Nadhani iko sawa na ya kwanza, ikipungukiwa tu na ule mshtuko wa kutojua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Paranormal Activity. Ya kwanza Oren Peli aliirekodi ndani ya nyumba yake San Diego mwaka 2006 kwa dola 15,000 hivi, na ilipoingia sokoni mwaka 2009 ilikusanya zaidi ya dola milioni 190. Kwa hesabu hiyo hakuna kampuni ambayo ingeiacha ipumzike. Ya pili, ya 2010, ilitumia kamera za ulinzi za nyumbani, ikafanya kazi yake bila makuu. Ya tatu, ya 2011, chini ya Henry Joost na Ariel Schulman, ndiyo ninayosema bila kusita kwamba inaipita ya kwanza.

Hadithi inarudi nyuma hadi mwaka 1988, wale dada wawili wanaosumbuliwa katika zile mbili za kwanza wakiwa watoto. Mpenzi wa mama yao ni mpiga video wa harusi. Anataka kurekodi jiko na sebule kwa pamoja na kamera haimtoshi, kwa hiyo anavunja feni inayozunguka na kuifunga kamera juu ya kitako chake. Sasa kamera inakwenda kulia, inasimama kidogo, inarudi kushoto, na hakuna binadamu anayeiamuru. Kuna usiku ambapo yaya amekaa mezani. Feni inamwacha, inarudi, na nyuma yake kuna kitu kimesimama kimefunikwa shuka. Unataka kuikamata kamera ibaki pale, lakini feni haijui kinachoendelea, inazunguka zake. Ikirudi, shuka limeanguka sakafuni. Shuka na feni, basi. Bila wakati huo nisingekuwa na hoja ya kuandika makala haya.

Kwa hiyo kipimo changu si ukubwa wa jini wala idadi ya maiti. Muendelezo unafikia kiwango pale unapohamisha kamera mahali papya penye sababu yake: kofia ya askari, kitako cha feni. Hata Creep 2 ya 2017 inafaulu kwa njia hii, kwa sababu anayerudi ni muuaji mwenyewe, na safari hii amempata mpiga video asiyemwogopa. Zilizoanguka ziliongeza vitu mbele ya kamera. Paranormal Activity ya 2015 iliwapa wahusika kamera maalumu inayowaonyesha pepo waziwazi, tena kwa 3D, na mapato yakashuka hadi chini ya milioni 80. REC nayo, kuanzia ya tatu, ikaiweka kamera ya mkononi pembeni, na mimi nikapungukiwa na sababu ya kuendelea.

Dar ina jambo lake katika ubishi huu. Wengi wetu muvi hizi tunaingiziwa kwenye flashi zikiwa zimetafsiriwa, kwa ufundi ule ulioanza enzi za Lufufu, yule mfasiri wa muvi, ambapo mfasiri anasimulia, anatania na kuweka chumvi. Naupenda ufundi huo kwenye picha za mapigano. Kwenye mkanda uliookotwa unaua, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inafanywa na ukimya, na mfasiri hawezi kukaa kimya. Zenye maneno mengi na maelezo ya mapepo yametoka wapi ndizo zinazonusurika, na hizo kwa kawaida ni za baadaye. Nimewahi kusikia watu wakisema Paranormal Activity ya kwanza haina kitu, na nikiwauliza, wameiona yenye sauti ya mtu juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kupima kwa haki azitafute REC 2 na ile ya feni bila tafsiri. Kihispania cha polisi walio kwenye ngazi kisimtishe: mengi ni kuitana majina na kupiga kelele za kufungua mlango.