Saa mkononi mwa Mamba Muntu

Kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, baba yangu mdogo aliishusha ukutani picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini, baada ya pasta kumwambia kwamba inaita pepo. Hakuichoma. Aliikunja, akaiweka juu ya kabati.

Hofu ya pasta si ya kupuuza. Lubumbashi nzima inaijua habari yenyewe: mwanaume anaokota kitana au nywele kando ya maji, usiku mwenye navyo, Mamba Muntu, anamjia ndotoni kuvidai. Mali inamiminika, mradi afunge mdomo, asiguse mwanamke mwingine, na mwishowe atoe roho ya ndugu yake. Anayekataa utajiri wa namna hiyo ana haki.

Wanaoitetea picha kwa kusema ni mila tupu ya mababu nao wanateleza. Yule nyoka anayechorwa mabegani mwa Mamba Muntu ametoka mbali: kwenye picha ya mwanamke mcheza nyoka iliyochapishwa Hamburg miaka ya 1880, ikachapishwa tena Bombay mwaka 1955 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi, Ghana ya leo.

Lakini mchoraji wetu hakunakili tu. Jina linasema mamba, yeye kachora mkia wa samaki. Kisha akamvisha saa ya mkono. Kiumbe anayeishi majini ana kazi gani na saa? Swali hili silimalizi. Katika mji huu uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, saa ilikuwa ya kampuni ya migodi, Union Minière, baadaye ya Gécamines: saa ya kuingia zamu, saa ya kutoka, siku ya mshahara. Miaka ya 1970 ni wafanyakazi hao hao walioitundika picha sebuleni, juu ya viti vya wageni. Mtu anayelipwa kwa saa alijua maana ya mali inayokuja bila jasho, na alijua kwamba ina muda wake. Kwangu mimi, saa ile inahesabu siku za aliyekubali mapatano. Hapo picha haiiti pepo. Inamshitaki mtu huyo, mbele ya watoto na wageni.

Jumapili iliyopita nilimwomba baba mdogo aikunjue. Kwa nyuma bado zinasomeka herufi za mfuko wa unga iliochorwa juu yake. Rangi ya mkia imepasuka kwenye mikunjo, saa iko salama. Wajukuu walikaa chini, akawasimulia habari yote hadi kwenye kifo cha ndugu. Kisha akaikunja tena, akairudisha juu ya kabati.